Sindano mkononi mwa mwanamume: jinsi ya kutengeneza nguo zako mwenyewe

Nguo za mwanamume huharibika mahali palepale, mwaka nenda mwaka rudi. Kifungo cha shati kwenye tumbo au kwenye mkono, mshono wa msamba wa suruali, pindo la mguu linalokanyagwa na kisigino, mfuko unaotobolewa na funguo, soksi kwenye kidole gumba. Ukizimudu kazi hizi chache utaziokoa nguo zako nyingi, na hakuna hata moja kati yake inayodai cherehani.

Tunawahimiza wanaume wajifunze kushona kwa mkono hasa kwa sababu ya muda. Mshono uliofumuka sentimita mbili haubaki sentimita mbili. Ukivaliwa na kufuliwa mara kadhaa hivyohivyo utafika sentimita kumi, na baada ya hapo kitambaa chenyewe kitaanza kulika kando ya mshono. Sentimita mbili ni kazi ya dakika kumi. Kitambaa kilicholika kinataka kiraka, na kiraka ni kazi ya jioni nzima ambayo bado itaonekana. Anayesubiri mke, mama au fundi apate nafasi hujikuta amesubiri hadi kazi ndogo imekuwa kubwa, au ameitupa suruali ambayo kitambaa chake bado ni kizima. Mwenye nguo ndiye huona kasoro kwanza, basi na awe wa kwanza kuishughulikia.

Wala sindano si ngeni kwa wanaume. Mabaharia walishona matanga na nguo zao wenyewe katika safari za miezi mingi. Wanajeshi wa Uingereza walibeba kifurushi cha sindano, uzi na vifungo katika Vita Kuu zote mbili za Dunia. Barthélemy Thimonnier, aliyepata hataza ya cherehani nchini Ufaransa mwaka 1830, alikuwa fundi nguo kwa kazi yake. Ukiona haya kushika sindano, jua kwamba haya hiyo imekuja juzijuzi tu.

Vifaa

Sindano za mkono huuzwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Kwa mashati tumia namba 7 hadi 9, kwa jinzi na makoti mazito namba 3 hadi 5. Pakiti moja yenye sindano za ukubwa mchanganyiko inatosha. Sindano nene huacha matundu kwenye shati jepesi, na nyembamba hupinda au kukatika kwenye jinzi. Sindano iliyopinda au yenye ncha butu usiihurumie, itupe, kwa sababu inavuta nyuzi za kitambaa kila inapopita.

Uzi: chukua wa poliesta, wa matumizi yote, katika rangi nyeupe, nyeusi, buluu nzito, kijivu na kahawia. Rangi isipolingana kabisa na nguo, chagua iliyokolea kidogo zaidi, maana uzi uliopauka kuliko kitambaa huonekana upesi. Kabla ya kuutumia uzi uliokaa miaka mingi, ukate kipande na kuuvuta kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi, huo umeshaoza.

Hapa kuna kanuni ambayo wengi wanaigeuza kichwa chini. Wanaume hupenda kushonea uzi mgumu kupita kiasi, hata wa nailoni ya kuvulia samaki, wakidhani ndio dawa. Mshono mzuri unatakiwa uwe dhaifu kidogo kuliko kitambaa. Nguo ikivutwa kwa nguvu ni lazima kitu kikatike. Ukikatika uzi unashona upya, lakini uzi ukiwa na nguvu kuliko kitambaa, utakikata kitambaa, na hapo hakuna cha kushona tena.

Vingine ni mkasi mdogo wenye makali (usiukatie karatasi, makali yake yatakufa), pini kumi na mbili hivi, futi ya kupimia, chaki ya fundi au kipande chembamba cha sabuni kavu cha kuchorea alama, pasi, na subana ya kuvaa kwenye kidole cha kati ili kusukuma sindano kwenye kitambaa kigumu. Wanaoanza huikataa subana kwa sababu inawasumbua vidole. Wakishafika kwenye mshono wa jinzi wenye tabaka nne huitafuta. Kipande cha nta ya nyuki nacho kina kazi: pitisha uzi juu yake mara mbili, na uzi utapungua kujisokota na kuchambuka.

Kabla ya kutupa shati kuukuu, likate vifungo vyote na uviweke kwenye kichupa. Tazama pia upande wa ndani wa mashati yako, chini kwenye mshono wa ubavu, kwani mengi hushonewa hapo kifungo kimoja au viwili vya akiba ambavyo wenyewe hawajawahi kuviona.

Kutunga uzi na kufunga fundo

Kata uzi wenye urefu wa kutoka ncha ya vidole hadi kwenye kiwiko, yaani sentimita 45 au 50. Ukitaka kushona kwa uzi wa mara mbili, kata sentimita 90 uukunje. Kishawishi cha kukata uzi mrefu ili usitunge tena ni kikubwa, nacho ndicho chanzo cha nusu ya vifundo vinavyowakatisha watu tamaa. Kila hatua ya sindano inauburuza uzi wote ndani ya kitambaa, kwa hiyo uzi mrefu hupita mara nyingi zaidi, huchakaa na hujisokota.

Kata ncha kwa mshazari, kwa mkasi. Kukata kwa meno huacha ncha iliyotawanyika ambayo haiingii kwenye tundu la sindano. Bana ncha kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ionekane kidogo tu, halafu isukume sindano ije kwenye uzi badala ya kuupeleka uzi kwenye sindano. Ni rahisi zaidi kwa sababu uzi uliobanwa haupindi.

Kwa fundo, laza ncha ya uzi juu ya sindano, izungushe mara tatu, bana mizunguko hiyo kwa vidole na uvute sindano itoke. Mizunguko itateleza hadi mwisho wa uzi na kuwa fundo dogo nadhifu. Uzi ukianza kujisokota katikati ya kazi, iachie sindano ining'inie, itajizungusha yenyewe mpaka uzi utulie.

Mishono mitatu tu

Wa kwanza ni bandi: sindano inaingia na kutoka kwa mstari, hatua za milimita 5 hadi 10. Bandi ni ya kushikiza kwa muda, ili kitambaa kisiteleze unapofanya kazi yenyewe, kisha unaiondoa. Usiitegemee kushikilia mshono wenye mvuto. Uzi ukikatika mahali pamoja tu, wote unachomoka.

Wa pili ni mshono wa kurudi, na ndio unaopaswa kuujua vizuri kuliko yote. Toa sindano juu ya kitambaa. Rudi nyuma milimita 3 uchome, kisha ipitishe chini itokee milimita 3 mbele ya pale ilipotoka mwanzo. Rudi tena nyuma uchome kwenye tundu ilipoanzia hatua iliyotangulia, utokee mbele. Kwa juu unaona mstari mfululizo unaofanana na wa cherehani. Kwa chini kila hatua ina milimita 6, na nyuzi zinapandana. Kule kupandana ndiko kunakoupa nguvu: hata uzi ukikatika mahali, hatua za jirani bado zinashika. Anayetumia mkono wa kulia hushona akienda kushoto.

Wa tatu ni mshono wa kuficha, wa mapindo. Tutaueleza kwenye suruali.

Mishono yote hufungwa vilevile. Upande wa ndani, piga hatua mbili ndogo mahali pamoja. Katika ya tatu usivute uzi hadi mwisho, acha kitanzi, pitisha sindano ndani ya kitanzi hicho, halafu kaza. Kabla ya kukata, ichome sindano kati ya tabaka mbili za kitambaa itokee sentimita 2 mbele, ndipo ukate uzi pale pale unapotokea. Mkia uliobaki ndani hauwezi kufumuka kirahisi.

Fanya mazoezi ya mshono wa kurudi kwenye kitambaa kuukuu, mistari mitatu au minne ya urefu wa kiganja. Mstari wa kwanza utakwenda upande. Mchoro wa chaki na hatua fupi hunyoosha kazi haraka kuliko kukaza macho.

Kifungo

Vifungo vingi vya kiwandani hushonwa kwa mashine ya uzi mmoja unaojisuka kwa chini. Mshono wa namna hiyo ukikatika ncha moja hufumuka wote kwa mvuto mmoja, ndiyo maana kifungo cha shati jipya kinaweza kudondoka bila kupewa sababu. Ukiona uzi unaning'inia nyuma ya kifungo usiuvute. Utunge kwenye sindano kama ni mrefu wa kutosha, upeleke ndani na uufunge. Kama ni mfupi, shona kifungo upya kabla hakijapotea.

1. Toa mabaki yote ya uzi wa zamani. Kitambaa kikiwa kimetoboka au kimelegea mahali pa kifungo, weka kwa ndani kipande kidogo cha kitambaa cha sentimita 2 kwa 2, ushonee kifungo juu yake.

2. Tafuta mahali halisi. Funga vifungo vingine, laza shati mezani, na uchomeke pini kupitia tundu la kifungo linalohusika. Tundu la wima, kama yale ya mbele ya shati, pini inakaa katikati yake. Tundu la kulala, kama la kola na la kiuno cha suruali, pini inakaa karibu na mwisho ulio upande wa ukingo wa nguo, milimita 3 hivi kutoka mwisho huo, maana kifungo kikivutwa hukimbilia huko.

3. Tumia uzi wa mara mbili. Choma upande wa nje, penye alama, ili fundo lifunikwe na kifungo, na upige hatua mbili ndogo za kushikilia.

4. Weka kifungo, na juu yake katikati ya matundu laza njiti ya kiberiti. Shona kwa kupita juu ya njiti. Mara tatu kwa kila jozi ya matundu inatosha kwa shati, mara nne kwa suruali. Tazama vifungo vingine vimeshonwaje, msalaba au mistari miwili sambamba, nawe ufuate.

5. Chomoa njiti, vuta kifungo kiinuke. Uzi sasa una ulegevu. Itoe sindano kati ya kifungo na kitambaa, uzungushe uzi mara nne au tano kwa kukaza, upate shingo ya kifungo.

6. Peleka sindano ndani, funga kama tulivyoeleza.

Usiruke hatua ya shingo. Kifungo kinapofungwa, tabaka la tundu linakaa kati yake na shati. Kikigandamizwa kwenye kitambaa bila shingo, tabaka hilo halina pa kukaa, shati linakunjana, na ukingo wa tundu unausugua uzi kila siku hadi ukatike. Urefu wa shingo uwe sawa na unene wa tabaka la tundu. Kwa koti zito njiti mbili ndizo zinazofaa, na kwa ndani ya koti weka kifungo kidogo bapa, ushone vyote viwili kwa pamoja, ili mzigo uangukie kile kifungo cha ndani badala ya kitambaa.

Kosa jingine ni kupitisha uzi mara kumi na tano kwa hofu. Matundu hujaa, sindano hukwama, na ukilazimisha unavunja kifungo.

Msamba wa suruali

Geuza suruali ndani nje uishike kwenye mwanga. Jambo la kwanza ni kujua kilichokatika: uzi au kitambaa? Kama kingo mbili ni nzima na uzi ndio uliopasuka, una bahati. Kama kitambaa chenyewe kina vijitundu au nyuzi zake zimeanza kuachana kando ya mshono, kushona kwenye mstari uleule ni kupoteza muda. Itabidi kiraka kwa ndani.

Msamba hupasuka mara nyingi kwa sababu umekatwa kwa mviringo, hivyo sehemu yake kubwa iko mshazari kwa nyuzi za kitambaa. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbuka, uzi haunyumbuki. Ukichuchumaa kitambaa kinarefuka, uzi unakataa, unakatika. Kwa hiyo unaposhona hapa, kivute kitambaa kidogo kwa mkono mwingine ili uzi ubaki na akiba ya kunyooka.

Ng'oa nyuzi zilizokatika lakini usifumue zilizo nzima. Linganisha kingo, zibane kwa pini kila sentimita 3, pini zikikatiza mstari wa mshono ili uweze kuzitoa mojamoja. Chukua uzi wa mara mbili uliopitishwa kwenye nta. Anza sentimita 2 kabla ya pengo, juu ya mshono ambao bado mzima, kwa mshono wa kurudi wenye hatua za milimita 2 hadi 2.5. Fuata mstari wa matundu ya zamani, utauona kwa urahisi. Endelea hadi sentimita 2 baada ya pengo, na ufunge. Kisha rudia mstari wa pili, milimita 2 kando ya wa kwanza kuelekea ukingo wa kitambaa. Ukiwa upande wa mwili wa suruali utaibana, kwa hiyo hakikisha uko upande wa ukingo.

Mahali mishono minne inapokutana ni pagumu. Choma wima badala ya mshazari, sukuma kwa subana, na upige hatua mojamoja: shuka, vuta, panda, vuta. Kulazimisha sindano kuchukua tabaka zote kwa hatua moja ndiko kunakoivunja.

Jaribu kazi yako kabla ya kuvaa. Igeuze suruali upande wa nje, ivute kingo mbili za mshono kwa vidole. Ukiona nyuzi zinachungulia kati ya kingo, hatua zako ni ndefu au umelegeza. Ukiona kitambaa kimekunjana, umekaza mno. Kukunjana kidogo kunaweza kuondolewa kwa kuunyoosha mshono kwa vidole na kuupiga pasi. Kukiwa kukubwa, fumua.

Suruali inayopasuka hapohapo kila mwezi inasema imekubana. Suruali nyingi za suti huachiwa akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma kiunoni, wakati mwingine sentimita 2 au zaidi kila upande. Tazama ndani. Akiba ikiwepo, fundi anaweza kuipanua, na kazi hiyo mwachie yeye.

Pindo la mguu

Kama suruali ni mpya na ya pamba, ifue na kuikausha kabla ya kupunguza urefu. Pamba hurudi, na suruali iliyopunguzwa kabla ya kufuliwa huweza kuishia juu ya kifundo cha mguu.

Vaa suruali na viatu utakavyoivalia, simama wima, usiiname kujipimia mwenyewe kwani mwili ukiinama kipimo kinabadilika. Mwombe mtu akutilie pini. Kwa suruali ya kitambaa pindo liguse kiatu kwa mbele na lishuke kidogo nyuma. Vua, pima miguu yote miwili kutoka msambani kwenda chini, maana pini moja ikihama mguu mmoja utakuwa mfupi. Acha kitambaa cha kukunja cha sentimita 4, pamoja na nusu sentimita nyingine ya kukunjia ukingo ndani, ndipo ukate. Piga pasi kwenye mkunjo, piga bandi.

Sasa mshono wa kuficha. Kaa na upande wa ndani ukikutazama. Toa sindano kwenye ukingo uliokunjwa, fundo libaki ndani ya mkunjo. Mbele milimita 6, chukua nyuzi moja au mbili tu za kitambaa cha suruali kwa ncha ya sindano, kisha irudishe ndani ya mkunjo, iteleze milimita 6, itokee, na uendelee hivyo. Zile nyuzi mbili ndizo siri yote. Ukichukua nyingi, upande wa nje utaonekana vidoti mstari mzima. Usikaze: uzi ukikazwa kila hatua huacha kishimo kinachoonekana upande wa nje. Kila sentimita 10 piga hatua moja ya kurudi, ili siku kidole cha mguu kikinasa pindo wakati wa kuvaa, lifumuke sentimita 10 na si mguu mzima.

Jinzi hazihitaji kujificha. Kunja mara mbili sentimita moja na nusu, shona kwa mshono wa kurudi kwa uzi mnene, ukiifuata rangi ya mishono mingine ya jinzi hiyo.

Kiraka na mchaniko

Kwa jinzi iliyochakaa mapajani, tia kiraka kabla halijawa tundu. Ikiwa unaona weupe wa nyuzi zilizolala, na zile zilizosimama zimeshaisha, wakati ni huo. Kitambaa cha kiraka kiwe na uzito sawa na nguo au chepesi kidogo. Kikiwa kizito, nguo itachanika upya kando ya kiraka ndani ya muda mfupi, na huo ndio ugonjwa wa viraka vingi. Kifue kwanza. Kikate kizidi sehemu mbovu kwa sentimita 2 kila upande, na upande huo wa sentimita 2 uwe umefika kwenye kitambaa kizima kabisa. Pembe zake zikate ziwe za mviringo, kwa kuwa mvuto hujikusanya penye pembe kali na hapo ndipo kiraka huanza kubanduka.

Kiweke kwa ndani, nyuzi zake zikienda sambamba na nyuzi za nguo. Bana kwa pini, piga bandi kuzunguka, halafu shona mistari ya bandi ndogo za milimita 3 au 4, mstari mmoja kila nusu sentimita, kutoka ukingo hadi ukingo. Hapa bandi inaruhusiwa kwa kuwa ni mistari mingi inayosaidiana na kitambaa kinabaki laini. Mstari ukifika mwisho, geuka bila kukaza.

Mchaniko wa pembe, ule unaotokana na msumari au waya, una kingo mbili ambazo bado zinafahamiana. Zilaze zikutane juu ya kiraka cha ndani bila kupandana, anzia kwenye kona kwa sababu ndiko utaendelea kuchanika, na uvuke ufa kwa hatua fupi zenye urefu usiolingana, nyingine milimita 4, nyingine 7. Matundu yakipangwa mstari mmoja, kitambaa huchanika tena palepale.

Mfuko, soksi, lastiki

Tundu la mfuko likiwa kwenye mshono wa chini, geuza mfuko nje na upitishe mstari wa kurudi sentimita moja juu ya tundu, pande zote mbili hadi kwenye kingo. Mfuko utapungua sentimita moja, hutausikia.

Soksi haishonwi kwa kuvuta kingo za tundu zikutane. Hilo huacha uvimbe ambao kiatu kitaugeuza malengelenge. Ingiza mpira mdogo au balbu ndani ya soksi bila kuinyoosha. Tumia uzi wa unene wa soksi, bila fundo, ukianza sentimita moja nje ya tundu. Tandika nyuzi sambamba kwa urefu, moja baada ya nyingine, kuvuka tundu na kuingia sentimita moja upande wa pili. Kisha pita kwa upana, juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata, ukibadilisha kila mstari kama afumaye ukili. Acha kitanzi kidogo kila unapogeuka, maana uzi hurudi ukifuliwa.

Lastiki iliyolegea kwenye bukta hutolewa kwa kufumua sentimita 3 za mfereji wake. Kata mpya iwe fupi kuliko kiuno chako kwa sentimita 6 hivi, ichomeke pini ya kufunga kwenye ncha moja, na uisukume kuzunguka. Ncha ya pili ishikize nje kwa pini nyingine isije ikamezwa. Hakikisha haikujisokota, pandanisha ncha sentimita 2, shona umbo la mraba lenye msalaba ndani, ufunge mfereji.

Fulana na nguo zinazonyumbuka zinataka sindano yenye ncha ya mviringo, ile inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzikata. Kwenye fulana, uzi mmoja uliokatwa hufungua tundu linaloteremka. Shona kwa hatua fupi zilizolegea, na kila sentimita chache ivute nguo ili uzi upate nafasi yake.

Mpaka wa kazi ya mkono

Fua nguo kabla ya kuishona, isipokuwa kama mchaniko utaongezeka kwenye maji, hapo ipige bandi kwanza kisha uifue. Jasho na vumbi hukaza kitambaa na kuficha sehemu iliyochakaa, nawe unaweza kushonea uzi mpya kwenye kitambaa kilichokwisha.

Kuna kazi za kumpelekea fundi: kubadili zipu nzima, bega la koti, bitana iliyochanika kwenye kwapa. Zipu inayoachana nyuma ya kishikio chake, kile kipande kinachoteleza juu ya meno, mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Bana kishikio kidogo kwa koleo, upande mmoja halafu wa pili, kidogokidogo, maana kikibanwa kupita kiasi huvunjika. Ngozi na koti la mvua usiyaguse kwa sindano ya kawaida. Tundu kwenye ngozi halijifungi tena, kwa hiyo hatua iliyokosewa inabaki milele, na kwenye koti la mvua kila tundu ni mlango wa maji mpaka mshono uzibwe kwa gundi au utepe wake maalumu.